Zimwi Linaposema "Mimi": Uhakiki wa Riwaya ya Frankenstein

Nilikutana na hadithi ya Frankenstein kwa mara ya kwanza katika kitabu chembamba cha shule, kilichofupishwa na mtu ambaye bila shaka alikuwa na nia njema, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nilikuwa nimeisoma. Katika kitabu kile mambo yote yalisimuliwa kwa nafsi ya tatu: Victor alifanya hivi, zimwi likafanya vile, mtoto akakabwa koo, zimwi likatokomea kwenye barafu. Niliogopa kama nilivyotakiwa kuogopa, nikakirudisha kitabu kabatini. Mwaka huu nimenunua riwaya kamili ya Mary Shelley, nakala ya jalada jepesi yenye matini ya mwaka 1818, nikaisoma kwa siku tisa. Nimetambua kwamba aliyenifupishia hadithi hakuacha tukio hata moja kubwa, ila alikuwa amemnyang'anya mhusika mmoja ruhusa ya kusema "mimi", na kwa kufanya hivyo alikuwa amenipa kitabu kingine kabisa.

Historia ya kuandikwa kwake inajulikana na wengi, kwa hiyo nitaipitia haraka. Mary alizaliwa London mwaka 1797, na mama yake, mwandishi Mary Wollstonecraft, akafariki siku chache baada ya kumzaa. Katika kiangazi cha mwaka 1816, kilichokuwa cha mvua na baridi baada ya mlima Tambora wa Indonesia kulipuka mwaka uliotangulia, Mary na wenzake walikuwa kando ya ziwa la Geneva, na mshairi Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Mary hakuwa ametimiza miaka 19. Riwaya ilitoka London mwezi Januari 1818, juzuu tatu, nakala 500, bila jina la mwandishi. Katika habari hizi zote kuna jambo moja ninalolitilia uzito: aliyeandika kitabu hiki alikuwa binti asiyepata kumjua mama yake, na alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza mwaka 1815. Nadhani ndiyo maana alijua namna ya kuandika sauti ya kiumbe ambaye, alipofika duniani, hakuna aliyempokea.

Riwaya yenyewe imejengwa kama maganda ya kitunguu. Ganda la nje ni barua za Robert Walton, kijana anayeongoza meli kuelekea Ncha ya Kaskazini, kwa dada yake Margaret aliyeko Uingereza. Ndani yake ni masimulizi ya Victor Frankenstein, aliyeokotwa na mabaharia wa Walton akiwa taabani juu ya barafu. Ndani kabisa, katikati ya kitabu, zimo sura sita ambamo kiumbe aliyeumbwa na Victor anasimulia maisha yake kwa kinywa chake. Wasimulizi wote watatu husema "mimi", lakini hawaanzi sawa. Kabla kiumbe hajafungua mdomo, tumekwisha kumwona kupitia karaha ya Victor: ngozi ya manjano isiyotosha kuficha misuli, macho ya majimaji, midomo myeusi, kimo cha futi 8. Tumekwisha kumzika mtoto William, mdogo wake Victor, na tumekwisha kumwona Justine Moritz, mfanyakazi wa nyumbani asiye na hatia, akiuawa kwa hukumu ya mahakama kwa kosa ambalo hakulitenda. Shelley hakujirahisishia kazi. Angeweza kutuonyesha kwanza wema wa kiumbe huyu kisha uovu wake, nasi tungemsikitikia bila shida. Yeye ameweka maiti mbili mbele yetu, ndipo akampa mtuhumiwa nafasi ya kusema.

Msomaji wa Kiswahili ana njia yake ya kuuhisi uzito wa nafasi hiyo. Jioni kadhaa niliwasimulia watoto wa dada yangu sehemu nilizokuwa nimezisoma mchana. Nilipokuwa upande wa Victor, ulimi wangu wenyewe ulichagua li-: jitu likafumbua jicho, likanyoosha mkono, likamfuata hadi kitandani. Sarufi ya darasani hutaka chenye uhai kipewe a-, lakini ulimi unajua kudunisha, na hata methali yetu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. (Katika Kiingereza chake Shelley hufanya jambo la namna hiyo hiyo, kwa kumfanya Victor ayumbe kati ya kiwakilishi cha mtu na kiwakilishi cha kitu.) Kisha nikafika kwenye sura za kiumbe, nikaanza kusema nilihisi baridi, niliona njaa, niliketi nikalia. Baada ya muda mdogo wao akaniuliza, "Mjomba, huyu anayelia sasa ni nani?" Nikamjibu kwamba ni lile jitu. Akanyamaza, kisha akaniomba niendelee. Kiambishi ni- hakibagui. Mfalme, mwizi, yatima na zimwi wote hukitumia kile kile, na msikilizaji anayekipokea hana mahali pa kuuweka ule unyonge wa li- aliokuwa ameuzoea dakika chache zilizopita.

Shelley alilielewa jambo hili kwa undani, na ushahidi ni tendo moja dogo ambalo kitabu changu cha shule kililipita kimya. Victor na kiumbe wanakutana ana kwa ana kwenye Mer de Glace, ile bahari ya barafu iliyo juu ya Chamonix katika milima ya Alps. Victor anamfukuza, anamwambia amwondolee sura yake ya kuchukiza. Kiumbe anamjibu kwa kumfunika Victor macho kwa mikono yake mwenyewe, akimweleza kwamba sasa amemwondolea sura anayoichukia, na kwamba hata hivyo anaweza kumsikiliza. Victor anaitupa mikono ile kwa hasira, lakini baadaye anakubali kuketi kando ya moto kibandani na kusikiliza. Kila niliporudia ukurasa huo niliona kwamba mwandishi ananifanyia mimi msomaji jambo lile lile. Masimulizi ya nafsi ya kwanza ni mikono iliyowekwa juu ya macho. Anayesema "mimi" hauoni uso wake mwenyewe. Yuko nyuma ya macho yake, anatazama nje, nasi tunatazama pamoja naye. Kwa hiyo ule uso wa manjano unaotutia hofu katika sura za Victor unatoweka kabisa kwa kurasa nyingi, na tunachokiona badala yake ni mwezi, ndege, theluji, na moshi unaotoka katika nyumba za watu wengine.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mwanzo wa masimulizi hayo, ambapo kiumbe anajaribu kukumbuka siku zake za kwanza. Hajui kutenganisha kuona na kusikia. Anaona nuru ikichomoza katikati ya miti, na anaipenda kabla hajajua jina lake. Anakuta moto ulioachwa na ombaomba, anafurahia joto lake, anatia mkono kwenye makaa, anautoa kwa kilio, kisha anashangaa jinsi kitu kimoja kinavyoweza kufariji na kuunguza. Ufundi hapa uko katika tofauti ya ujuzi: msomaji amemtangulia msimulizi. Yeye anaeleza ile nuru, nami ndiye ninayesema moyoni kwamba huo ni mwezi. Yeye anasogeza mkono, nami natamani kumzuia. Bila kuambiwa nimeshika kazi ambayo Victor aliitupa usiku ule alipomkimbia kiumbe wake aliyekuwa ndiyo kwanza amefumbua macho, kazi ya mzazi anayejua mambo ambayo mtoto bado hajayajua, na huruma yangu imekwisha kuota mizizi kabla sijakumbuka kwamba mtoto huyu ana kimo cha futi 8 na kwamba ameua.

Kisha inakuja familia ya De Lacey. Kiumbe anajificha katika kibanda kilichoegemea nyumba yao na kuwachungulia majira yote ya baridi kupitia ufa wa ukuta. Anajifunza maneno yao moja moja, moto, maziwa, mkate, kuni, halafu majina ya watu. Alikuwa akiiba chakula chao usiku, lakini anapogundua kwamba ni maskini na kwamba vijana wanajinyima ili baba yao kipofu ale, anaacha, anakula matunda ya porini na mizizi, tena anaanza kuwakatia kuni usiku na kuzirundika mlangoni. Mambo haya yangesimuliwa na mtu mwingine tungeyaona ni sifa anazomiminiwa mhusika. Yeye mwenyewe anayataja kwa unyenyekevu, kama mtu anayekumbuka siku zake bora, na huzuni iko katika kujua kwetu kwamba anayasimulia akiwa juu ya barafu, peke yake, baada ya yote kuharibika.

Siku anapothubutu kuingia, anachagua saa ambayo mzee yuko peke yake. Mzee De Lacey haoni. Anasikia sauti ya mgeni, anaona kwamba mgeni huyo ni mkweli, anamkaribisha na kumfariji. Hapo ndipo nilipoinua macho kutoka kwenye kitabu, kwa sababu niliona kwamba mwandishi amemweka msomaji ndani ya hadithi: sisi ndio yule kipofu. Tumemsikia kiumbe huyu bila kumwona, na tumemwamini kwa sauti yake. Felix, mwana wa mzee, anapoingia na kumpiga kwa fimbo, anafanya kile ambacho mtu mwenye macho hufanya, na ambacho mimi pia ningefanya. Kiumbe ana nguvu za kumrarua Felix vipande vipande, na anasema hivyo waziwazi, lakini anajizuia na kuondoka. Katika masimulizi ya nafsi ya tatu tungeona tu kwamba jitu limekimbia. Kwa nafsi ya kwanza tunajua kilichozuiliwa.

Kuna kioo kingine kikali zaidi ya lile dimbwi la maji ambamo kiumbe anauona uso wake. Katika mfuko wa nguo alizozichukua maabara anakuta karatasi za Victor, shajara ya miezi minne iliyotangulia kuumbwa kwake, na akiisha kujifunza kusoma anazisoma. Anasoma "mimi" ya mwingine, na katika "mimi" hiyo yeye ni kitu cha kukirihisha. Sijui tukio la kikatili kuliko hilo katika kitabu kizima, ingawa hakuna damu inayomwagika.

Nisingekuwa mkweli kama ningesema kwamba huruma hii inaendelea bila mashaka. Kiumbe anakutana na mtoto William nje ya Geneva, anataka kumchukua ili apate rafiki ambaye bado hajafundishwa kuchukia, mtoto anamtukana na kutaja jina la Frankenstein, na kiumbe anamkaba. Anasema alifurahi. Anapiga makofi juu ya maiti. Halafu anamwona Justine akipita karibu naye, anamnyemelea na kwa makusudi anatia ndani ya nguo yake picha aliyoichukua shingoni mwa mtoto, ili lawama imwangukie yeye. Niliposoma hapo nilitaka kutoka ndani ya kichwa hiki, lakini sarufi haikuniruhusu, kwa sababu aliyekuwa akisema nilihisi baridi ndiye yule yule anayesema niliifurahia. Kwa maoni yangu hapa ndipo riwaya inapofikia ukubwa wake. Mtu anayetunga maneno ili aonewe huruma angeificha furaha ile. Kiumbe haifichi, nami nikabaki nikimsikitikia na kumchukia kwa wakati mmoja, hali ambayo vitabu vingi vya mazimwi havijui kuileta.

Je, tunapaswa kumwamini? Kitabu chenyewe kinauliza swali hili kwa uangalifu mkubwa. Victor anamwonya Walton kwamba kiumbe huyu ana ufasaha wa kushawishi, kwamba maneno yake yaliwahi kuutikisa hata moyo wake, na kwamba asimwamini. Zaidi ya hayo, Walton anaeleza kwamba aliandika aliyosimuliwa, na kwamba Victor aliyasoma maandishi hayo na kuyasahihisha, hasa kwa kuyatia uhai mazungumzo ya Victor na adui yake. Maana yake ni kwamba kila sentensi ya kiumbe inayonitoa machozi imepita katika kinywa cha mtu anayemchukia kuliko wote duniani, kisha katika kalamu ya mtu wa tatu. Mwanzoni nilidhani kwamba hili linaidhoofisha sauti yake. Sasa naona kwamba linaipa nguvu: shahidi wa upande wa pili, asiye na sababu yoyote ya kumpendelea, ameshindwa kuyasimulia maneno yake bila kuyaacha yakigusa. Victor mwenyewe anakiri kwamba alimhurumia alipomsikiliza, na kwamba moyo wake ulichafuka tena kila alipomtazama.

Kitabu kina kasoro, na mnunuzi anastahili kuzijua. Habari za Safie, binti wa mfanyabiashara wa Kituruki anayekuja kuishi na akina De Lacey, ni ndefu kupita kiasi. Zinahitajika ili kiumbe ajifunze lugha kwa kusikiliza akifundishwa mgeni mwingine, lakini kwa kurasa kadhaa sauti yake inafifia na kuwa sauti ya mpitishaji wa habari. Pia kiumbe anapata lugha ya fahari mno kwa muda mfupi mno. Kasoro iliyonisumbua zaidi ni ya namna nyingine. Justine anasema maneno machache tu mahakamani na gerezani. Elizabeth, bibi harusi wa Victor anayeuawa usiku wa harusi yao, ana barua chache. William ana sentensi za kitoto anazozipiga kelele kabla ya kufa. Hakuna hata mmoja wao aliyepewa sura sita za kusema "mimi", na hivyo wauaji wawili, aliyeumba na aliyeumbwa, ndio wanaogawana huruma yetu karibu yote. Sina hakika kama Shelley alikusudia tulione hilo, lakini ni vigumu kutoliona ukisoma mara ya pili.

Mtu anayetaka kupima nguvu ya usimulizi huu na atazame kilichotokea ulipoondolewa. Hadithi ilipopandishwa jukwaani London mwaka 1823, kiumbe alifanywa bubu, na kwenye orodha ya waigizaji jina lake likawa mstari mtupu. Katika filamu ya mwaka 1931 Boris Karloff anaguna na kunguruma. Ni mwigizaji mwenye macho na mikono ya ajabu, na huruma kiasi inapatikana, lakini ni ile tunayompa mnyama aliyefungwa. Mchezo wa National Theatre, jumba la maigizo la London, wa mwaka 2011 ulijaribu kurudisha haki hiyo kwa kuanza na kiumbe mwenyewe akijifunza kusimama, na Benedict Cumberbatch na Jonny Lee Miller wakibadilishana nafasi za muumba na muumbwa. Hata hivyo jukwaa halina namna ya kutufunika macho.

Kwa anayetaka kununua: angalia kwanza ni matini ipi. Ikiwa kitabu kimegawanywa katika juzuu tatu na sura zinaanza upya katika kila juzuu, hiyo ni ya mwaka 1818. Ikiwa sura zinakwenda mfululizo hadi ya 24, hiyo ni ya mwaka 1831, ambayo mwandishi aliirekebisha na kuiongezea utangulizi wake mwenyewe. Mimi napendelea ya kwanza, kwa sababu katika ile ya baadaye Victor anayasukumia mambo mengi kwenye majaliwa, na hivyo mzigo wa wajibu wake unapungua. Masimulizi ya kiumbe hayakubadilika sana, kwa hiyo atakayepata ile ya 1831 peke yake asikate tamaa. Nakala niliyonunua ina maelezo mazuri mwishoni lakini herufi zake ni ndogo, na barua nne za mwanzo zinachosha macho usiku. Epuka kabisa matoleo yaliyofupishwa, hasa yale yaliyogeuza sura za katikati kuwa za nafsi ya tatu. Ningeipa riwaya hii nyota nne na nusu kati ya tano, na ile nusu nimeizuia kwa ajili ya Justine.

Mwishoni Victor anakufa melini, na Walton anamkuta kiumbe ameinama juu ya maiti. Walton, ambaye amesikia masimulizi yote, anautazama uso ule na bila kukusudia anafumba macho. Kiumbe anasema kwa mara ya mwisho. Anasema atakwenda kaskazini kabisa, atajikusanyia kuni, atajichoma moto, na majivu yake yatapeperushwa hadi baharini. Kisha anaruka kupitia dirishani, anaangukia kipande cha barafu, na katika sentensi ya mwisho ya Walton anakuwa tena nafsi ya tatu, akichukuliwa na mawimbi hadi gizani. Hakuna anayeuona moto huo. Hakuna barua nyingine inayokuja kuthibitisha. Tumebaki na nita- yake peke yake, ahadi ya muuaji aliyepata kuwa mkata kuni wa usiku, na nimeisoma mara tatu sasa, na mara zote tatu nimemwamini.